Spika za mamilioni haziondoi mwangwi

WAUMINI wa kanisa la mabati huko Soin, Kaunti ya Kericho, wanapofanya harambee ya kununua spika, swali la bei haliepukiki. Je, za ghali ndizo bora?

Ndizo, lakini hadi kiwango fulani. Spika hafifu hukoroga maneno, na mahubiri yasiposikika mchango umepotea bure. Ukishapita kiwango hicho, bei hupanda maradufu ilhali tofauti inayosikika ni ndogo mno. Mwaka 2017, jozi moja ya spika za kampuni ya Wilson Audio ya Marekani ilitangazwa kwa dola 685,000.

Macho nayo huyadanganya masikio. Mnamo 1994, Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman, ambayo yenyewe huuza spika, waliwapa watu 40 spika nne wazipime, mara zikiwa nyuma ya pazia, mara zikionekana. Zilipoonekana, alama zilibadilika ingawa sauti ilikuwa ile ile.

Katika kanisa kama hilo, tatizo kuu ni jengo. Mabati, saruji na kuta tupu hurudisha sauti, silabi zikagongana. Ukizidisha sauti, mwangwi nao huongezeka. (Mvua ikianza kupiga paa, hakuna spika itakayosaidia.) Mapazia mazito, dari laini na spika zilizoelekezwa kwa watu badala ya ukutani huleta nafuu kubwa kwa fedha kidogo.

Kabla ya kulipa, zijaribiwe humo kanisani, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza kutoka benchi la nyuma.