Majilio na uponyaji: Kumngojea Mungu si kuchelewa hospitali

Jumapili ya Novemba 30, 2025 Wakristo wengi wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, walianza Majilio. Ni kipindi cha Jumapili nne za kusali, kutubu na kungojea Krismasi. Kanisani rangi inageuka zambarau, na masomo ya kipindi hiki yanarudia sana jambo moja: uponyaji.

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani, masomo hayo yanagusa moyo. Lakini yanaleta na swali zito. Je, kumtumaini Mungu aponye maana yake ni kukaa ndani kusubiri muujiza?

Masomo yanasema nini?

Kwa Wakatoliki, Jumatatu ya wiki ya kwanza inasomwa habari ya akida wa Kirumi aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa. Ijumaa ni zamu ya vipofu wawili waliofunguliwa macho. Jumapili ya tatu, Desemba 14, 2025, alisomwa nabii Isaya sura ya 35, anayetangaza siku ambayo wasioona na wasiotembea watapona.

Yupo pia yule aliyepooza katika Luka sura ya 5. Wenzake walimbeba, wakakuta watu wamejaa, wakapanda naye juu na kumshusha kupitia paa. Yesu aliiona imani yao, na imani hiyo ilikuwa na miguu na mabega. Hawakumwacha kitandani wakasema tungoje.

Yoshua bin Sira sura ya 38 inaenda moja kwa moja: mgonjwa asali, halafu ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa naye ametoka kwa Mungu.

Makanisa yenyewe yamejenga hospitali

Hapa Ngara na Biharamulo jambo hili halihitaji maelezo marefu. Hospitali ya Murgwanza, Ngara, ni ya Kanisa Anglikana. Hospitali ya Rulenge ni ya Kanisa Katoliki, na Biharamulo pia kuna hospitali teule ya wilaya iliyo chini ya Wakatoliki. Kama kanisa lingeona dawa ni kukosa imani, lisingejenga wodi.

Padri naye anatoa Mpako wa Wagonjwa, na anaweza kuutoa hata pembeni ya kitanda cha hospitali. Mpako haufuti dripu.

Desemba ambayo Biharamulo haitaisahau

Majilio ya mwaka 2024 yalianza Desemba 1. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mgonjwa wa kwanza kutambuliwa katika mlipuko wa Marburg alianza kuumwa Desemba 9 na kufariki Desemba 16. Watu wakijiandaa na sikukuu, virusi vilikuwa tayari vinatembea.

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mgonjwa aliyethibitishwa Biharamulo Januari 20, 2025. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, hesabu ilikuwa hivi: wawili walithibitishwa, wanane walidhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki, wanane kati yao kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Hakuna anayeweza kusema hao walikosa imani. Virusi haviulizi mtu anasali wapi. Ila mwaka 2023, Marburg ilipoingia Kagera kwa mara ya kwanza, wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafariki na watatu wakapona. Ugonjwa huu hauna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa, lakini kumwongezea mgonjwa maji na kutibu dalili mapema kunampa nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Kuombea bila kugusa

Marburg inaambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili: damu, matapishi, jasho, hata ya maiti. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, na mwanzoni inafanana na malaria: homa kali, kichwa, mwili kuuma. Kwa hiyo kumwekea mikono mgonjwa wa aina hii, au kuosha mwili wa marehemu, kunaweza kusambaza ugonjwa ukoo mzima.

Sasa rudi kwa yule akida. Alisema Yesu hana haja ya kufika nyumbani kwake, neno tu linatosha. Mtumishi akapona bila kuguswa. Kwa muumini, hilo linatosha kuonyesha kuwa sala ya mbali si sala pungufu.

Ufanye nini ukiwa na mgonjwa?

- Homa ikianza, nenda kituo cha afya upimwe. Usikisie malaria nyumbani.
- Mgonjwa akitapika damu au kutokwa damu, usimguse. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.
- Usiache dawa za VVU, kisukari au presha kwa sababu umeombewa. Mtu akisema amepona, kipimo cha hospitali kithibitishe.
- Mwite padri, mchungaji au mwinjilisti, na mwambie ukweli kuhusu dalili ili naye ajikinge.

Majilio ni kungojea, na mwenye kungojea mgeni huwa anafagia, anachota maji, anawasha taa. Mwenye mgonjwa naye ana kazi ya kufanya huku anasali, na ya kwanza ni kumfikisha mgonjwa wake kituoni mapema.