Mtoto Akiuliza Kibao Kinasema Nini, Tutamjibu Nini?

Ukipanda matatu kutoka Kisumu kwenda Busia, pale Maseno utaona alama ya ikweta kando ya barabara. Watu wanasimama, wanapigwa picha, wanaenda zao. Ni wachache wanaouliza habari za mahali penyewe, kwa mfano kwamba wamishonari wa CMS walianzisha shule hapo Maseno mwaka wa 1906.

Ndugu wapendwa wa vikundi, kumbukeni kitabu cha Yoshua. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa wasimamishe mawe kumi na mawili. Hayakuwa mapambo. Yaliwekwa ili watoto waulize na wazazi wasimulie. Kwa hiyo jiwe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu anayejua jibu.

Hapa Magharibi majibu yapo, lakini mengi yako vichwani mwa wazee, na wazee tunawazika kila mwezi. Tutazame mahali patatu.

Mumias. Mji huu una jina la Nabongo Mumia wa Wawanga, aliyefariki mwaka wa 1949. Zamani wasafiri walipaita Kwa Sundu, kwa jina la baba yake, Shiundu. Askofu James Hannington alipita hapo mwaka wa 1885. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake, akaendelea na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Baadaye Waingereza waliweka makao yao ya utawala Mumias, mpaka walipoyahamishia Kakamega mwaka wa 1920.

Chetambe, karibu na Webuye. Mwaka wa 1895 Wabukusu walijikinga ndani ya ngome yenye ukuta wa udongo na handaki. Jeshi la Waingereza liliwashinda kwa silaha za kisasa, na wengi walikufa. Upande wa Waingereza walikuwako askari Wasudani na pia wapiganaji Wawanga. Hapa ndipo kazi inakuwa ngumu. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanauziana sokoni, wanaoana, wanaimba kwaya moja. Kibao kikitaja ushindi wa Waingereza peke yake, kinawasahau waliokufa. Kikiandikwa kwa hasira juu ya jirani, kinafufua ugomvi. Lazima kiseme ukweli wote, na kisemwe na watu waliokaa pamoja kwanza.

Rosterman, Kakamega. Dhahabu ilipatikana mwaka wa 1931. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika haitaguswa bila wao kuulizwa na kupewa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria hiyo ili wachimbaji waingie. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1952. Kikundi chochote kinachohangaikia hati za shamba kina la kujifunza hapa: ahadi ya serikali inafaa kuandikwa, kuwekwa na kukumbushwa.

Je, kikundi chenu kifanye nini?

1. Anzeni na daftari, sio simenti. Waulizeni wazee wanaume na akina mama pia. Mama aliyeolewa kutoka mbali anajua habari za pande mbili. Kila jambo lisikike kwa watu wawili au zaidi, wa koo tofauti.

2. Mzee huenda asiseme mwaka. Atasema rika fulani lilipotahiriwa, au wakati wa njaa fulani. Andikeni alivyosema, halafu mlinganishe na vitabu vya ubatizo parokiani au daftari za shule ya zamani. Msibahatishe tarehe. Kosa likishachongwa kwenye jiwe, watoto watalirithi.

3. Someni maneno yenu kwa sauti kwenye baraza kabla ya kuyaandika. Anayepinga apewe nafasi. Tumieni Kiswahili na lugha ya mahali pale.

4. Ulizeni ruhusa. Ukingo wa barabara si mali ya kikundi. Mwone mwenye shamba, chifu, na ofisi inayosimamia barabara hiyo. Mahali pa kale panalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006, kwa hiyo msichimbe wala kuchukua mawe.

5. Chuma huibwa kikauzwa kwa kilo. Mawe ya hapo hapo na simenti vinadumu zaidi, na fundi mnaye kijijini.

Kama pesa hamna, msife moyo. Daftari moja lililojaa maneno ya wazee ni bora kuliko kibao kizuri kisicho na habari.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Ni mahali gani kijijini kwetu ambapo watoto hupita kila siku bila kujua palitokea nini?
– Ni nani anayejua, na ana umri gani?
– Nani atamtembelea wiki hii?