Mwenzako Anaposoma Insha Yako

Tuseme mwanafunzi wa kidato cha pili huko Nabuyoga, wilayani Tororo, ameandika insha juu ya biashara ya mpakani: "Shangazi alivuka Busia na gunia nne za mahindi. Askari walitusimamisha. Jioni tulirudi nyumbani." Mwenzake anapewa daftari asome. Anakata "gunia nne", anaandika "magunia manne", chini anatia "Kazi nzuri, jitahidi", kisha analirudisha.

Kosa la ngeli amelinasa, na si haba kwa mtoto aliyekua akizungumza Kidhopadhola, lugha ya jamii ya Kiluo isiyo na upatanisho wa ngeli kama wa Kiswahili. Ila mahindi yameishia wapi? Baina ya askari na jioni kuna kisa kizima, na msomaji amekiruka.

Hana lawama. Maoni aliyowahi kuyaona maishani ni ya kalamu nyekundu ya mwalimu, naye anaiga. Mtaala mpya wa sekondari ya chini Uganda, ulioanza 2020, unataka kazi za vikundi na tathmini endelevu, na umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Walimu wa somo lenyewe ni haba. Kama wanafunzi hawasomeani, rasimu nyingi hazitasomwa na mtu.

Mwaka 1973 Mmarekani Peter Elbow, katika kitabu chake "Writing Without Teachers", alipendekeza msomaji asijifanye hakimu. Aeleze tu yaliyompata alipokuwa akisoma: wapi alitaka kuendelea, wapi alipotea, sentensi ipi imemganda kichwani. "Nilipofika kwa askari nilishika roho, halafu ghafla mko nyumbani" ni maoni ambayo mwandishi anaweza kuyafanyia kazi usiku huohuo.

Tena hayaudhi, na hilo ni jambo kubwa kijijini. Anayesahihishwa huenda ni binamu, au kaka mkubwa kiumri aliyechelewa kuanza shule. "Kazi nzuri" mara nyingi ni heshima, wala si uvivu. Swali, kinyume chake, huonyesha kwamba mtu amesoma hadi mwisho. Mwandishi naye anyamaze wakati wenzake wanasema. Akianza kujitetea, wataishia kumsifu.

Waandishi wakubwa pia hupitia humo. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoasisiwa 1995, kina desturi ya kukutana Jumatatu jioni mjini Kampala ili wasomeane kazi na kuzijadili. Mmoja wa wanachama wake, Monica Arac de Nyeko, alitwaa Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi fupi.

Anayefaidika zaidi ni nani, basi? Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza kama lugha ya pili huko Marekani. Kundi moja lilifundishwa kutoa maoni tu, jingine kuyapokea na kuyatumia tu. Uandishi wa watoaji ulipanda zaidi, hasa wale wa ngazi ya chini, na zaidi kidogo katika mpangilio wa hoja kuliko katika sarufi. Walimu wengi, hata hivyo, bado huwaachia kazi hiyo vinara wa darasa.