Kilwa Kisiwani: Kijiji ambacho kila familia ingefaa kukifikisha watoto

FAMILIA nyingi za mjini zikipata likizo huwaza mambo mawili: kwenda kwa babu na bibi, au kushinda ufukweni watoto wakicheza na mawimbi. Safari ya kuona mambo ya kale huachiwa wanafunzi na watalii wa kutoka Ulaya. Matokeo yake, mtoto wa Dar es Salaam anaweza kumaliza darasa la saba akizijua piramidi za Misri kwa picha, lakini hajui kwamba kilomita kama 300 kusini mwa jiji lake kulikuwa na mji uliotengeneza sarafu zake wenyewe zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Mji huo ni Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Leo ni kijiji kidogo cha wavuvi na wakulima. Nyumba za udongo na makuti zimesimama jirani na kuta za matumbawe za misikiti na majumba ya masultani, na watu wanaendelea na maisha yao katikati ya magofu hayo. Hapo ndipo utamu wa safari ulipo: watoto wanaona historia na wenye historia kwa pamoja.

Namna ya kufika

Mabasi ya kusini yanapita Mbagala, na barabara ni ya lami hadi Kilwa Masoko. Wazazi wanaweza kuwasimulia watoto njiani kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri walivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na foleni yake ilikuwa ndefu. Kipindi cha masika ni vizuri kuulizia hali ya barabara kwanza. Mei 2024 mvua kubwa zilikata barabara hiyo eneo la Somanga na wasafiri wakakwama.

Kilwa Masoko ndipo pa kulala, na ndipo kibali cha kuingia kwenye magofu kinapopatikana kabla ya kuvuka. Kivuko chenyewe ni kifupi. Boti ya mashine huchukua dakika chache, na jahazi hutegemea upepo. Mzazi asipande na watoto chombo kisicho na jaketi za kuokolea maisha, na awaulize manahodha saa za maji kujaa na kupwa. Maji yakitoka, abiria hushuka mbali na kutembea kwenye tope.

Cha kuonyesha watoto

Jengo la kwanza kuonekana kutoka baharini ni Gereza. Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 walijenga ngome hapo, lakini sehemu kubwa inayoonekana sasa ni kazi ya Waomani wa miaka ya karibu na 1800. Neno lenyewe "gereza" linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hilo peke yake ni somo zuri la Kiswahili.

Msikiti Mkuu ndio unaowashangaza wengi. Sehemu yake ya zamani ilijengwa karne nyingi zilizopita, kisha ukapanuliwa kwa nguzo, matao na kuba za matumbawe na chokaa. Mwendo wa miguu kutoka kijijini, juu ya mwamba unaotazama bahari, kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultan al-Hasan bin Sulaiman. Lina bwawa la kuogea lenye pembe nane, lakini halikukamilika. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo pamoja na ukarimu wa sultani huyo, aliyejulikana kama Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Utajiri ulitoka wapi? Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa kwenda ng'ambo. Vyombo vya China na shanga za India vikarudi. Vipande vya vyombo hivyo bado vinaonekana mchangani. Watoto watataka kuviokota, na hapo mzazi awe mkali. Ni mali ya taifa inayolindwa na sheria, na kila kipande kinachoondoka ni ukurasa unaochanwa.

Bahari nayo inakula

Unesco iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na jirani yake Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yanakula fukwe na kuta zilikuwa zinaanguka. Baada ya ukarabati, ziliondolewa mwaka 2014. Lakini bahari haijaacha kazi yake. Fundi anaweza kurudishia jiwe, lakini wanaoweza kuulinda ukuta kila siku ni wanaoishi kando yake, na watafanya hivyo kwa moyo wakiona unawaletea riziki.

Kwa hiyo familia inayokwenda isiishie kupiga picha na kurudi Masoko kula. Imtafute mwongozaji mwenyeji, impatie ujira wake, na iagize chakula mapema kijijini. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ulioliwa huko una faida kwa pande zote mbili. Mavazi yawe ya heshima, mama na binti wakibeba kanga. Wakubwa waamkiwe "shikamoo" kabla ya swali lolote, na picha za watu zisipigwe bila kuomba.

Ukibaki na siku ya pili

Wenye nafasi wanaweza kwenda kwa boti hadi Songo Mnara, kupitia mikoko, kuona mabaki ya nyumba na misikiti yake. Wengine waende Kilwa Kivinje, kaskazini mwa Masoko. Huko kuna boma la Wajerumani na nyumba za zamani za biashara. Misafara ya pembe na watumwa ilishukia hapo katika karne ya 19. Pia kuna Mwembe Kinyonga, panapokumbukwa waliouawa kwa kunyongwa wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kwa mtoto mdogo simulizi hilo ni zito, hivyo mzazi apime umri.

Safari hii haihitaji hoteli ya kifahari. Inahitaji kofia za jua, maji ya kunywa, viatu vya kutembelea na mzazi aliye tayari kuulizwa maswali mengi. Asiyejua jibu awaulize wenyeji mbele ya watoto. Wakiona babu wa kijijini akisikilizwa, watajua kwamba elimu haikai darasani tu.