Ua Linalouzwa Kabla Halijafunguka

Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma wacha kumfinya mwenzako. Leo hatuna sungura wala fisi. Leo nawapa habari za mti mfupi unaoitwa mwasumini.

Mkienda soko la Marikiti alasiri, mkapita penye maembe na mafungu ya bizari, tafuteni wauza maua. Asumini yao hufunikwa kitambaa kilichorowa maji. Ukikifunua, waweza kudhani umepunjwa, maana chini yake ni vitumba vitupu, vyeupe, vimefumba.

“Mama, mbona hayajafunguka?”

“Yatafunguka magharibi, mwanangu, kifuani mwa mamako. Yaliyokwisha kufunguka nimuuzie nani?”

Muuzaji hasemi mzaha. Asumini ina saa yake. Kitumba hushinda kikivimba mchana, jua likitua kinafunguka na kumwaga harufu. Ua hilo halikai, huanza kunyauka na kupoteza weupe wake upesi. Ndiyo maana huchumwa lingali kitumba, na anayechelewa kulichuma amekula hasara.

Kwa nini usiku? Maua meupe yanayonukia gizani kwa kawaida huwaita nondo, wanaotoka usiku kutafuta asali ya maua. Gizani rangi nyekundu haina kazi, ila harufu husafiri. Wachina nao wameitumia saa hiyo: huchuma vitumba mchana, usiku huvichanganya na majani ya chai vikifunguka, kisha huyatoa maua na kubakisha harufu. Na Wafilipino, tangu mwaka 1934, wameifanya asumini ua la taifa lao.

Sisi twafunga kikuba. Mfungaji hushika mrehani, vipande vya mkadi, waridi akilipata, na asumini kwa wingi, akavifunga kwa uzi, kikabanwa kwa pini kifuani au kwenye nywele. Vitumba vikitungwa peke yake kwa sindano vinakuwa koja, na sindano hupita kwenye kikonyo, si katikati ya kitumba, kisije kikapasuka. Arusini asumini hutandazwa hata kitandani kwa bibi arusi. Wengine huongeza kilua, ambacho kwangu mimi ndicho kinachoshinda vyote kwa kunukia. Mkilua ni wa misitu ya pwani yetu hii, na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi mwaka 1970 aliuacha na jina lake: Mkilua fragrans.

Mwasumini wenyewe asili yake ni pande za Bara Hindi. Hapa kwetu ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo kila mwasumini wa Mji wa Kale umetokana na kijiti cha mwingine, na huo mwingine vivyo hivyo, mpaka mfike ng'ambo ya bahari.

Mkitaka wenu, mwombeni jirani kijiti. Ombeni, msikate usiku kama wezi! Kiwe na urefu wa shibiri, kimekomaa lakini hakijawa kuni, na kiwe na vifundo vitatu au vinne. Ondoeni majani ya chini, kifukieni vifundo viwili katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, basi debe kuukuu linatosha, mradi mlitoboe chini. Maji yakituama mizizi huoza. Kiwekeni kivulini mpaka kichipue, halafu kihamishieni penye jua, uani au darini. Mkiona wadudu weupe wamejibanza chini ya majani, waosheni kwa maji ya sabuni.

Watu wengi hukosea jambo moja: huuonea mti huruma. Mwasumini huchanua kwenye machipukizi mapya, si kwenye matawi makongwe. Maua yakipungua, shikeni mkasi mpunguze matawi kiasi cha thuluthi, mtie mbolea na maji, hata bibi akipiga kelele kwamba mmemuulia mti wake. Machipukizi yakitoka, vitumba hufuata.