Karate: Mkanda Mweusi Hutolewa na Nani, na kwa Haki Gani?

Kila askari anajua kwamba tepe za mkononi zina uzito kwa sababu nyuma yake ipo mamlaka iliyozitoa. Koplo hakujishonea tepe zake mwenyewe: alifunzwa, akapimwa, akapendekezwa na wakubwa wake, kisha cheo chake kikatangazwa. Anayevaa tepe ambazo hakupewa ametenda kosa, na adhabu yake inajulikana kambini. Lakini katika karate, ambayo imeenea duniani kote na inapendwa sana na vijana wa majeshi na polisi, mtu aweza kuingia dukani, akanunua mkanda mweusi, akaufunga kiunoni na kuanza kujiita mwalimu. Hapana mkuu wa kikosi atakayemwita ajieleze.

Ni nani, basi, mwenye haki ya kuutoa mkanda huo? Nao unathibitisha nini? Haya si maswali ya watu wa michezo peke yao. Askari aliyefundishwa na mwalimu wa uongo hujiamini mahali pasipostahili kujiamini, na siku atakapokabiliana na jambazi mwenye kisu atalipia mafunzo yale kwa damu yake mwenyewe.

SIKU AMBAZO HAKUKUWA NA MKANDA

Karate ilikulia katika kisiwa cha Okinawa, makao ya ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipoufuta ufalme huo mwaka 1879. Zama hizo mafunzo yalikuwa ya mwalimu mmoja na wanafunzi wachache, aghalabu usiku, uani kwa mwalimu. Hakukuwa na sare, wala mkanda, wala hati. Mwanafunzi alipewa kata moja, akaambiwa airudie. Neno hili lisichanganywe na kata ya kuchotea maji wala kata ya kutwikia mzigo kichwani. Kwa Kijapani, kata ni mfululizo wa mapigo, vizuizi na hatua uliopangwa na walimu wa kale, ambao mtu huutekeleza peke yake kana kwamba anapigana na maadui wasioonekana. Humo ndimo elimu ilimohifadhiwa, kama vile wazee wetu walivyohifadhi yao katika methali na nyimbo.

Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868, alieleza uzeeni mwake kwamba alitumia miaka kumi kujifunza kata tatu tu za Tekki. Mwalimu wake Azato aliketi akimtazama, na maneno yake ya kawaida yalikuwa kumwamuru arudie. Katika mafunzo ya namna hiyo vyeo havikuhitajika. Mwalimu aliwajua wanafunzi wake kama baba anavyowajua wanawe. Alijua nani amekomaa na nani bado.

KARATE YAINGIA SHULENI

Mambo yalibadilika mwaka 1901, Mzee Itosu Anko alipoanza kufundisha karate katika shule ya msingi huko Shuri. Mwaka 1908 aliandika waraka wa mafundisho kumi, akaeleza kwamba karate ingejenga afya ya vijana na kuwafaa hata watakaokuwa askari. Mafunzo ya uani yasingeweza kutumika kwa darasa zima la watoto. Kwa sababu hiyo Itosu alitunga kata tano fupi zinazoitwa Pinan, zipandazo kutoka nyepesi hadi nzito.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Yabu Kentsu, aliyejiunga na jeshi la Japani na kupigana katika vita na China vya mwaka 1894 na 1895. Watu wa Okinawa walizoea kumwita Sajenti, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kupanda cheo. Aliporejea nyumbani alifundisha karate katika chuo cha ualimu, naye aliifundisha kiaskari: safu zilizonyooka, salamu, na ngumi zinazotolewa kwa hesabu ya mwalimu. Kwa hiyo askari anayeingia dojo, yaani ukumbi wa mafunzo ya karate, akahisi kana kwamba yupo katika uwanja wa kwata, hajakosea. Ni ndugu wa ukoo mmoja.

Faida ilikuwa kubwa, maana elimu ya wachache ikawa mali ya wengi. Hasara nayo ilikuwapo. Mwalimu mwenye vijana mia mbele yake hawezi tena kumjua kila mmoja kwa undani. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya kuwapanga kwa madaraja.

MADARAJA YALITOKA WAPI

Madaraja ya karate hayakutoka Okinawa. Yalibuniwa Tokyo na Kano Jigoro, mwalimu na mkuu wa vyuo, aliyeanzisha mchezo wa judo mwaka 1882. Mwaka 1883 aliwapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza la dani, na miaka michache baadaye mkanda mweusi ukaanza kuwa alama ya wenye dani. Walio chini yao waliwekwa katika madaraja ya kyu.

Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate, na Kano akamwalika aionyeshe mbele ya watu wa judo. Funakoshi alibaki huko akifundisha. Aprili 1924, alipokwisha kuona manufaa ya utaratibu wa Kano, aliwapa wanafunzi wake wa kwanza mikanda myeusi. Karate ilichukua pia sare nyeupe kwa mfano wa judo.

Ndugu msomaji, angalia jina la daraja hilo. Dani ya kwanza huitwa shodani, na maana yake ni daraja la kuanzia. Raia wengi hudhani kwamba mwenye mkanda mweusi amemaliza. Walioutunga utaratibu huu walikusudia kinyume chake: mtu huyu sasa ameujua msingi, na anafaa kuanza kufundishwa. Ni kama kuruta aliyemaliza depo. Amekuwa askari, lakini vita bado hajaviona.

MTIHANI UNAVYOENDESHWA

Katika shule nyingi za Shotokan, ambayo ni njia iliyotokana na Funakoshi, mtahiniwa hupimwa katika mambo matatu. La kwanza ni kihoni, yaani misingi: ngumi, mateke, vizuizi na namna ya kusimama. La pili ni kata. La tatu ni kumite, yaani mapambano ya wawili, ambayo huanza kwa shambulio lililotajwa mapema na kuendelea hadi mapambano huru. Madaraja ya kyu huhesabiwa kwa kushuka hadi kufikia la kwanza, na zile kata tano za Itosu, ambazo Funakoshi aliziita Heian, hupangwa moja baada ya nyingine katika ngazi hiyo. Baada ya shodani, kwa kawaida mtu hungoja miaka isiyopungua miwili kabla ya kutahiniwa kwa dani ya pili, na mitatu zaidi kwa ya tatu.

Wasahihishaji hawatazami nguvu peke yake. Hutazama kama mguu wa nyuma umekaza ardhini, kama macho yametangulia mwili kugeuka, na kama pumzi na pigo vimefika pamoja. Zaidi ya hayo hutazama jambo moja ambalo kila polisi angepaswa kulitafakari: katika mapambano ya shule hizi za jadi, pigo hutupwa kwa nguvu zote, kisha husimamishwa karibu mno na mwili wa mwenzako. Anayempiga mwenzake kwa kushindwa kujizuia hulaumiwa. Kupiga kila mtu aweza. Kulitawala pigo lililokwisha kuondoka ndilo linalochukua miaka.

Jambo hili linakubaliana na sheria za kazi. Desemba 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za mwenendo wa watekelezaji wa sheria, zinazosema kwamba nguvu itumike pale tu inapokuwa lazima kabisa, na kwa kadiri ya kazi iliyopo. Askari ambaye hawezi kuuzuia mkono wake hawezi kuitii kanuni hiyo, hata akiikariri neno kwa neno. Funakoshi naye alisisitiza kwamba mtu wa karate hawi wa kwanza kushambulia.

MWALIMU ALIYEKATAA KUTOA DANI

Si walimu wote waliofuata njia ya madaraja. Miyagi Chojun, aliyezaliwa Naha mwaka 1888 na kuasisi njia ya Goju-ryu, hakumpa mwanafunzi wake yeyote dani maisha yake yote. Wanafunzi wake walikaa muda mrefu katika kata moja iitwayo Sanchin, inayofunza kusimama na kupumua, kabla ya kupewa nyingine.

Mwanafunzi aliyemtegemea zaidi aliitwa Shinzato Jin'an, naye alikuwa polisi. Huyu ndiye aliyeionyesha sanaa ya mwalimu wake mjini Tokyo mwaka 1930, na swali aliloulizwa huko kuhusu jina la njia yao ndilo lililomfanya Miyagi aipe jina. Wengi walimwona kuwa ndiye mrithi. Lakini mwaka 1945 vita vya Okinawa vilimwua Shinzato pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu wa kisiwa kile. Elimu aliyokabidhiwa kwa miaka mingi ilizikwa pamoja naye, maana ilikuwa katika mwili wake na haikuwa katika karatasi.

Baada ya vita Miyagi alianza upya, na miongoni mwa aliowafundisha walikuwa polisi wa Okinawa katika shule yao ya mafunzo. Alifariki mwaka 1953. Kwa kuwa hakuacha madaraja wala hati ya urithi, wanafunzi wake waligawanyika, kila mmoja akafungua shule yake, na wao wenyewe wakaanza kutoa dani. Mkasa huu una funzo la pande mbili. Mwalimu mkubwa aweza kuwa bila vyeo, na wanafunzi wake wakawa hodari kweli kweli. Hata hivyo, pasipo utaratibu wa kukabidhiana, mwalimu akifa hakuna ajuaye kwa yakini ni nani aliyekabidhiwa.

KUWAFUNZA WAFUNZAJI

Chama cha Karate cha Japani, kilichoundwa mwaka 1949, kilijaribu kulitibu tatizo hilo. Mwaka 1956, chini ya uongozi wa Nakayama Masatoshi, kilianzisha mafunzo maalumu ya walimu, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 1957. Fikra ilikuwa kwamba kujua kupigana ni kazi moja, na kujua kufundisha ni kazi nyingine. Kila jeshi linaifahamu tofauti hiyo: mpiga shabaha bora wa kikosi si lazima awe ndiye mkufunzi bora wa silaha. Wahitimu wa mafunzo hayo walitawanyika katika mabara mbalimbali, na shule nyingi za Shotokan za leo zinafuatilia nasaba yake hadi kwao.

Lakini kadiri karate ilivyoenea, ndivyo biashara ilivyoingia. Kila mtihani una ada, na mwalimu mwenye njaa huvutwa kuitisha mitihani mingi na kuwafaulisha wote. Mwanafunzi hufurahi, kumbe amevishwa kilemba cha ukoka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: akitoka nje ya dojo lake hana alichonacho.

Kwa hiyo, ndugu askari, kabla ya kujiandikisha kwa mwalimu, muulize mambo manne. Alifundishwa na nani, na kwa miaka mingapi? Ni nani aliyemtahini, na je, mtahini huyo bado anamtambua? Wanafunzi wake hungoja muda gani kati ya daraja na daraja? Na je, yeye mwenyewe bado anafanya mazoezi chini ya mtu aliyemzidi? Mwalimu wa kweli hatakasirishwa na maswali haya, kwa kuwa naye aliwahi kumwuliza mwalimu wake. Akikasirika, mshukuru, chukua sare yako, ukatafute dojo jingine. Ni afadhali kukaa miaka miwili na mkanda mweupe mbele ya mwalimu anayekusahihisha, kuliko kupewa mweusi kwa miezi sita na mtu ambaye hatakuwapo siku utakapouhitaji.