Je, Wajua? Damu ya Ng'ombe Mshipani mwa Mtu

Mwaka 2001, Afrika Kusini iliidhinisha dawa ya mshipani iliyotengenezwa kwa damu ya ng'ombe. Jina lake Hemopure.

Katika Bonde la Ufa, Wamaasai na Wakalenjin wamekunywa damu ya ng'ombe tangu jadi. Tumboni ni chakula. Mshipani, ikiwa mbichi, huua: kinga ya mwili huzivamia chembe zake na kuzipasua.

Kwa hiyo watengenezaji huzipasua chembe kwanza, wakatoa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Maganda ya chembe hutupwa yote, maana mabaki yake hugandisha damu na kudhuru figo. Kazi haijaisha. Himoglobini tupu humeguka nusu mbili na kupenya kwenye figo. Basi molekuli zake huunganishwa kwa kemikali, ziwe kubwa zisipenye. Bado hunasa gesi inayolegeza mishipa, na shinikizo la damu hupanda. Hilo ni miongoni mwa yaliyoikwamisha Hemopure nchini Marekani.

Cha ajabu zaidi, haina kundi la damu: hupewa yeyote. Hukaa hadi miaka 3 bila friji! Chembe nyekundu za binadamu hutaka friji ya nyuzi 2 hadi 6, na hudumu wiki chache tu. Lakini mwilini, nusu ya Hemopure hutoweka kwa siku moja hivi. Damu ya mtu haijapata mbadala.

Una miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema? Kituo cha damu cha Nakuru kinakuhitaji uchangie damu.